Injini ya Mtumbwi na Cheche Yake

Mji wa Kisangani umekaa mahali ambapo mto wenyewe uliamuru. Upande wa juu kuna maporomoko saba ya Boyoma, yaliyotandazwa katika mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka Ubundu. Hapo hapana meli iwezayo kupita, na ndiyo sababu reli ya kilomita 125 ilijengwa kuyapita kando, ikafunguliwa mwaka 1906. Upande wa chini mto ni barabara pana, kilomita zipatazo 1,700 mpaka Kinshasa. Na kando ya barabara hiyo wamekaa watu: Yangambi, Isangi mahali Lomami inapoingia, na vijiji visivyohesabika ambavyo havina njia nyingine ya kupeleka mchele, mihogo, samaki na wagonjwa wao mjini.

Wakati wa baba zetu kazi hiyo yote ilifanywa kwa makasia. Siku hizi mitumbwi mikubwa na balenieri za mbao hufungwa injini nyuma, na safari ya siku tatu imekuwa safari ya siku moja. Ni faida kubwa. Lakini kila faida huja na shaka yake. Mwenye makasia hachelei mikono yake kuzimika ghafula. Mwenye injini huchelea. Na mto haumngoji mtu. Chombo kilichozimika chini ya Kisangani huchukuliwa na maji mpaka kwenye fungu la mchanga au kisiki, au usiku mbele ya mashua kubwa isukumayo matishari, ambayo haiwezi kusimama upesi. Kwa wasafiri watokao Kindu kuteremkia Ubundu shaka ni kubwa zaidi, kwa maana huko mkondo huelekea kwenye poromoko la kwanza.

Injini ya esansi huzimika kwa sababu nyingi, na mojawapo iliyo ya kawaida sana katika injini kuukuu ni cheche. Leo tutaeleza cheche hiyo huzaliwaje, kwa nini hudhoofika, na kama yafaa kuuacha utaratibu wa zamani wa pointi na kuingia ule wa elektroniki.

CHECHE HUZALIWAJE

Juu ya injini ya mtumbwi kuna gurudumu zito la chuma, ambalo mafundi wengi huliita flaiwili. Ndani ya gurudumu hilo zimefungwa sumaku. Chini yake pana sahani yenye koili, yaani nyuzi za shaba zilizozungushwa mara nyingi. Koili ina nyuzi za namna mbili: nyuzi nene zenye mizunguko michache, na nyuzi nyembamba kama unywele zenye mizunguko maelfu.

Unapovuta kamba, gurudumu huzunguka, sumaku hupita mbele ya koili, na umeme huanza kutembea katika nyuzi nene. Umeme huo peke yake ni dhaifu. Hauwezi kuruka hata upana wa ukucha. Lakini ukikatwa ghafula wakati ule ule ulipo katika nguvu zake, basi nguvu za sumaku zilizokuwa zimejaa katika koili huanguka mara moja, na katika nyuzi nyembamba hutokea msukumo wa volti elfu kumi na zaidi. Msukumo huo huikimbilia plagi, ambayo kwa desturi ya Kifaransa huitwa buji, nao huruka katika nafasi yake ndogo. Hiyo ndiyo cheche iwashayo mvuke wa esansi.

Basi siri yote imo katika neno moja: kukata. Ni nani akataye umeme huo, na kwa wakati uliopasa?

Katika injini za zamani mkataji ni pointi. Mafundi waliofunzwa kwa Kifaransa huziita platini. Ni vipande viwili vya chuma kigumu, vidogo kuliko punje ya mahindi, vinavyogusana na kuachana. Kinundu kilicho kwenye shafti huvisukuma viachane kila shafti izungukapo mara moja. Kando yake pana kondensa, mfano wa kikopo kidogo, ambayo kazi yake ni kuupokea umeme unaotaka kuruka baina ya pointi zinapoachana, ili kukatwa kuwe safi, tena pointi zisiungue.

KAZI NGUMU YA POINTI

Tufanye hesabu kama wanafunzi. Tuseme injini ya mtumbwi uliosheheni huzunguka mara 4,000 kwa dakika. Pointi zimefunguka na kufungwa mara 4,000 katika dakika hiyo. Kwa saa moja ni mara 240,000. Katika safari ya saa kumi ni mara 2,400,000. Ni nani awezaye kupiga makofi mara hizo zote asichubuke mikono?

Pointi nazo huchubuka. Kwanza, kila zinapoachana cheche ndogo huziunguza, na nyuso zake hupata mashimo na vilima. Pili, kile kipande kinachosuguana na kinundu huliwa polepole. Kikiisha kuliwa, nafasi ya pointi hupungua. Na nafasi ikipungua, pointi hufunguka kwa kuchelewa, na cheche nayo huchelewa. Injini hupoteza nguvu, hula esansi nyingi, na hupata joto bila faida. Katika injini nyingi za Johnson na Evinrude za zamani nafasi hiyo ni nusu milimita tu. Kosa la unene wa karatasi chache latosha kuiharibu kazi.

Tatu ni unyevu. Nchi ya Tshopo iko karibu na mstari wa ikweta, na mvua na ukungu wa mto ni mambo ya kila siku. Injini iliyolala wiki tatu bila kazi huota kutu nyembamba juu ya pointi, nayo yatosha kuuzuia umeme. Hapo ndipo tunapomwona kijana akivuta kamba mara hamsini, jasho likimtoka, na abiria wakinung'unika, kumbe kasoro ni utando usioonekana kwa macho.

Nne ni mafuta. Muhuri wa mpira wa shafti ukichakaa, mafuta hupanda mpaka chini ya gurudumu na kuzilowesha pointi. Fundi huzifuta, injini huwaka, na kesho yake huzimika tena. Atakayezifuta pointi kila siku bila kubadili muhuri anakausha sakafu huku paa linavuja.

ZILITOKA WAPI

Mtu asizidharau pointi. Cheche ya sumaku yenye msukumo mkubwa ilikamilishwa mwaka 1902 na Gottlob Honold katika karakana ya Robert Bosch huko Stuttgart, Ujerumani. Mwaka 1909 Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekaa Milwaukee katika Marekani, alitengeneza injini ya kufunga nyuma ya mashua iliyopata soko kubwa. Ulimwengu wote ukatembea majini kwa cheche ya pointi kwa zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1947, katika maabara ya Bell huko Marekani, ilivumbuliwa transista, kitu kidogo kiwezacho kuufungua na kuufunga umeme bila kipande chochote kutembea. Haikupita miaka mingi watu wakajiuliza: kwa nini tusimpe huyu kazi ya pointi? Tangu mwisho wa miaka ya 1960 watengenezaji wakubwa wa injini za mashua wakaanza kuacha pointi. Injini mpya za leo hazina pointi kabisa.

Lakini huku kwetu injini haifi upesi. Hununuliwa kuukuu, hutengenezwa, huuzwa tena, na hurithiwa. Tena, utengenezaji wa injini za Evinrude ulikomeshwa mwaka 2020, na jina la Johnson lilikuwa limekwisha kutoweka kabla ya hapo. Kwa hiyo mwenye injini ya namna hiyo hutegemea vipuri vilivyobaki na vile vya kuigiza, ambavyo vingine ni vyema na vingine ni takataka. Ndiyo maana swali la kubadili limekuwa la maana.

NJIA MBILI ZA KUBADILI

Njia ya kwanza ni kisanduku kidogo cha transista, kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Hicho huchukua mahali pa pointi na kondensa. Koili hubaki ile ile, gurudumu lile lile, plagi ile ile. Kisanduku huungwa kwenye waya wa nyuzi nene za koili. Huutazama umeme unavyopanda, na unapofika kileleni huukata. Hakina kinundu wala uso wa kuunguzwa, nacho hakijali ukungu. Ni njia rahisi, na fundi mwenye akili huifanya kwa nusu siku.

Njia ya pili ni utaratibu kamili. Hapa pana koili maalumu ya kuzalisha umeme wa volti mia mbili au mia tatu, na umeme huo huwekwa akiba katika kondensa kubwa. Koili nyingine ndogo hutoa ishara wakati ukitimia, na akiba yote humwagwa mara moja katika koili ya plagi. Cheche yake ni kali na ya haraka sana, hata huweza kuwasha plagi iliyolowa mafuta, jambo lililo la faida kwa injini zichomazo esansi iliyochanganywa na mafuta. Lakini utaratibu huu hutaka gurudumu lenye sumaku zake, sahani yake, kisanduku chake na koili zake. Hauwezekani ila kwa kuvipata vyote kutoka injini ya toleo la baadaye ya ukoo ule ule. Asiye na injini ya namna hiyo ya kuvunja asianze.

Tuseme kweli pia juu ya ahadi za wauzaji. Kisanduku cha njia ya kwanza hakiongezi nguvu za farasi. Injini ya farasi 25 itabaki ya farasi 25. Faida yake ni uthabiti: cheche ya leo itakuwa sawa na ya mwezi ujao.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Baba wa nyumba aliyeuza magunia yake ya mchele asikimbilie dukani. Kwanza ahakikishe ya kwamba ugonjwa ni wa pointi. Esansi nyingi katika miji ya Kongo huuzwa barabarani katika chupa na madumu, na huenda ina maji ndani yake. Amimine kidogo katika chupa safi, aiache itulie. Maji hukaa chini. Kisha aangalie plagi, waya wake na kifuniko chake. Avute kamba polepole asikie kama injini ina mgandamizo.

Halafu apime cheche. Cheche nzuri ya injini ya pointi huruka milimita 6 hivi hewani. Ile ya utaratibu kamili wa elektroniki huruka milimita 11 hivi. Upimaji huo ufanyike mbali na tangi na madumu, nao waya usishikwe kwa mkono, kwa maana umeme wa utaratibu kamili waweza kumdhuru mtu vibaya. Mwezi wa Aprili 2025 chombo cha mbao kiliwaka moto mtoni karibu na Mbandaka, na watu wengi sana walipoteza maisha. Ilielezwa kwamba moto ulianza kwa mtu aliyekuwa akipika ndani. Cheche ya mafiga na cheche ya plagi ni ndugu: zote mbili hazitaki mzaha juu ya mbao na esansi.

Ikiwa koili yenyewe imepasuka, kisanduku hakitaiponya.

KAZI YENYEWE

Haya basi, tuseme koili ni nzima na pointi ndizo zilizochoka. Kazi huenda hivi.

Gurudumu lifunguliwe kwa chombo chake cha kuvutia. Nyundo isitumiwe, pigo lake huharibu beringi za shafti na hudhoofisha sumaku. Likiisha kutoka, kitazamwe kile kipande kidogo cha chuma kiitwacho kii, kinacholishika gurudumu kwenye shafti. Kikiwa kimekatika nusu, gurudumu limehama mahali pake, na cheche haitapata wakati wake hata kwa kisanduku cha dhahabu. Mafuta yakionekana, muhuri ubadilishwe kwanza.

Waya utokao koili kwenda kwenye pointi ufunguliwe, uungwe na waya mpya utakaotoka nje ya sahani mpaka kwenye kisanduku. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Katika injini nyingi za zamani sahani ile huzunguka kidogo kila unapoongeza mwendo, ili cheche itangulie. Waya ukivutwa sana utakatika siku ya tatu. Ukiachwa mrefu kupita kiasi utaliwa na gurudumu. Uachiwe nafasi ya kutembea, kisha ufungwe vema.

Kisanduku kifungwe mahali pasipo na joto kali. Waya wake wa pili hufungwa kwenye chuma cha injini. Rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, kwa sababu rangi huzuia umeme, na visanduku vingi vilivyotupwa kwa kudhaniwa vimekufa vilikosa hilo tu. Injini yenye silinda mbili na pointi mbili hutaka visanduku viwili. Injini ikikataa kutoa cheche, katika aina nyingine za visanduku yatosha kubadilishana waya mbili, kwa kuwa sumaku za injini hazikuelekea upande mmoja zote; maelezo ya kisanduku yatasema kama yaruhusiwa.

Swichi ya kuzimia injini iungwe kama zamani, na ijaribiwe kabla ya kuondoka. Tena, kisanduku huenda kikakata umeme mapema au baadaye kidogo kuliko pointi zilivyofanya. Injini ikigonga kama chuma kinachopigwa, cheche imetangulia mno. Izimwe na kurekebishwa, la sivyo pistoni itatoboka. Na jaribio la kwanza lifanywe karibu na ukingo, chombo kikiwa kitupu, makasia mawili yakiwamo ndani.

Neno moja kwa wenye mashua za injini ya ndani iwashwayo kwa betri. Kwao kisanduku hukaa chini ya kifuniko cha mgawanyo wa umeme, na pete ya sumaku huvikwa kwenye shafti. Kisanduku hicho hufa mara moja betri ikifungwa kinyume, na huungua swichi ikiachwa wazi wakati injini imesimama. Koili nayo iwe ya aina iliyotajwa na mtengenezaji.

UBAYA WAKE

Pointi hufa kama mzee: huugua, hukohoa, hutoa habari mapema. Mwenye bisibisi na kipande cha msasa aweza kuziamsha katikati ya mto, nazo zikamfikisha nyumbani. Kisanduku cha elektroniki hufa kama mtu aliyepigwa radi. Dakika hii chafanya kazi, dakika ijayo hakimo. Hakifunguliki, hakitengenezeki, na fundi wa kijijini hana la kufanya. Tena kuna visanduku vya kuigiza vilivyotiwa jina la heshima juu ya kitu cha ovyo.

Je, turudi nyuma basi? Hapana. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Dawa yake ni nyepesi. Pointi na kondensa zisitupwe. Zisafishwe, zipimwe nafasi yake, ziachwe mahali pake chini ya gurudumu, na waya wake utolewe nje na kufungwa mwisho wake kwa plastiki. Zitaendelea kufunguka na kufungwa, lakini kwa kuwa hazipitishi umeme nyuso zake haziungui. Siku kisanduku kikifa, nahodha ataondoa waya wa kisanduku, ataunga wa pointi, na kuvuta kamba, bila kuling'oa gurudumu. Ni kazi ya dakika chache hata kwa mwanga wa tochi. Na mwenye uwezo abebe kisanduku cha pili katika chupa yenye kifuniko.

KWA MAFUNDI NA KWA WAZAZI

Mafundi wengine huichukia elektroniki wakisema itawanyang'anya mkate. Mimi sioni hivyo. Atakayekosa kazi ni yule aliyeishi kwa kupiga msasa pointi zile zile kila Jumamosi na kupokea fedha kila mara. Fundi wa kweli, ajuaye kwa nini cheche hutokea, atahitajiwa zaidi, maana kisanduku hakijui kupima muhuri, wala kii, wala maji katika esansi. Na amwambie mteja wazi: pointi zako ni nzima, huhitaji kubadili. Neno hilo litamletea wateja kuliko kibao cha rangi.

Na wazazi wenye vijana wapendao mashine, wawape nafasi ya kujifunza sababu ya mambo, si kushika spana tu. Hesabu ile ya mapigo ya pointi ni hesabu ya shule ya msingi. Somo la sumaku ni la shule ya sekondari. Kijana aliyezielewa hizo mbili hataogopa injini yoyote itakayoletwa Kisangani.

Basi kwa ufupi: injini yako ikiwa nzuri na pointi zapatikana kwa bei ya haki, zitunze, na uzipime kabla ya kila safari ndefu. Ikiwa pointi zimekuwa adimu au zakusumbua kila wiki, weka kisanduku, na uache pointi zikingoja zamu yake. Lakini kwa njia yoyote utakayochagua, usiondoke bandarini bila makasia, nanga na kamba ya kutosha. Vitu hivyo vitatu havina cheche, na havijapata kuzimika.